Mabaka kwenye nyasi za uani Nairobi: ni ukungu, au ni jambo lingine?

Miongozo mingi ya nyasi inayosomwa mtandaoni imeandikwa Marekani na Ulaya, nayo husema ukungu hushambulia wakati wa joto, Juni hadi Agosti. Nairobi miezi hiyo ni kipupwe: mawingu, manyunyu, na usiku wa nyuzi 11 au 12. Anayefuata kalenda ile hupuliza dawa Julai dhidi ya ugonjwa uliokwisha kula nyasi Aprili na Mei, kisha hujiona salama Novemba, wakati vuli inalowesha ua wiki tatu mfululizo.

Kinachoamua hapa ni saa ambazo jani hubaki limelowa. Mbegu za ukungu zikitua kwenye jani kavu hazifanyi lolote. Jani likilowa kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili bila kukatika, zinaota na kupenya ndani. Kwa hiyo misimu ya kuangalia ni masika, vuli, na yale majuma ya umande mzito wa kipupwe ambayo jua halichomozi hadi saa tano. Nyasi zikigeuka kahawia Januari au Februari, shuku kiu, wadudu au maji ya chumvi kwanza.

Jambo la pili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Mbolea ya CAN, ile ya nitrojeni, huponya baadhi ya magonjwa ya nyasi na kuchochea mengine. Anayeona baka la njano na kukimbilia gunia la CAN anacheza bahati nasibu. Jina la ugonjwa lijulikane kwanza.

Kagua kabla umande haujakauka

Toka uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukingoja saa nne, nusu ya ushahidi umekwenda na jua. Beba kisu, karatasi ya tishu nyeupe na rula. Kamera ya simu inatosha kukuza picha ya jani kama huna lenzi.

Chuchumaa ukingoni mwa baka, si katikati. Katikati kuna nyasi zilizokufa, na mfu hufikiwa na kila aina ya ukungu wa kuozesha, hata kama aliyemuua ni mwingine. Ugonjwa wenyewe unafanya kazi pale kijani kinapokutana na kahawia.

1. Tazama kama kuna utando mweupe mwembamba kama wa buibui juu ya majani. Utando wa buibui wa kweli uko juu juu na umetandazwa kama shuka. Wa ukungu umejishika kwenye majani yenyewe na hupotea umande ukikauka.
2. Shika shina moja moja, uvute polepole. Likichomoka bila ubishi, angalia sehemu ya chini: je, ala ya jani pale linapokumbatia shina imekuwa ya kahawia na laini, yenye kuoza? Au shina ni zima ila halina mizizi kwa sababu imetafunwa?
3. Chunguza jani ambalo bado lina kijani. Madoa yako wapi, yana umbo gani, yana ukingo wa rangi nyingine?
4. Sugua jani kwa tishu. Tishu ikibaki na unga wa rangi ya chungwa, umeshapata jibu: ni ugonjwa wa kutu.

Chomeka vijiti vinne ukingoni mwa kila baka, pande zote nne. Baada ya siku saba pima. Baka lililovuka vijiti linatembea. Lililobaki pale pale huenda limeshakwisha kujimaliza, au halikuwa ugonjwa tangu mwanzo.

Yanayofanana na ukungu lakini sio

Sehemu kubwa ya mabaka yanayopulizwa dawa katika kompaundi za Nairobi yamo katika kundi hili, na dawa ya ukungu haiyafanyi kitu.

*Baka la ukubwa wa sahani, katikati limekufa, ukingoni nyasi ni ndefu na za kijani kilichokolea kuliko pengine pote.* Ni mkojo wa mbwa. Nitrojeni iliyozidi imeunguza katikati, na iliyopungua ukingoni imerutubisha. Mwaga lita tano hadi kumi za maji pale pale ukiwahi siku hiyo hiyo. Baada ya siku mbili umechelewa. Ngoja nyasi zijazie zenyewe.

*Mistari au vipande vinavyofuata mwendo wa mkono.* Mbolea ilirushwa vibaya, au ilirushwa juu ya majani yenye umande ikashika na kuunguza. Mwagilia kwa wingi siku mbili mfululizo.

*Ua mzima umepauka ghafla siku moja au mbili baada ya kukatwa.* Piga magoti uone ncha za majani. Zikiwa zimechanika nyuzinyuzi na kukauka nyeupe, kisu cha mashine ni butu. Ncha zilizochanika namna hiyo ni mlango wazi wa ukungu, basi noa kisu sasa.

*Nyasi zinainuka kama mkeka ukizivuta, na kwarara wanachimbachimba ua kila asubuhi.* Wale ndege wenye midomo mirefu iliyopinda wanajua kilicho chini: funza weupe, watoto wa mbawakawa, waliojikunja kama herufi C na wanaokula mizizi. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30 pande tatu, kina cha sentimita 7, uufunue kama jalada la kitabu. Ukihesabu watano hadi kumi au zaidi, tatizo ni wao. Wawili watatu ni kawaida, warudishie udongo.

*Majani yametafunwa, eneo linapanuka kwa siku moja au mbili tu.* Hakuna ukungu wa nyasi unaokwenda kasi hiyo katika baridi ya Nairobi. Koroga vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita tano za maji, mwaga juu ya mita moja ya mraba ukingoni, kisha subiri dakika kumi. Viwavijeshi wakiwapo watapanda juu.

*Ncha za majani zimeungua karibu ua mzima, na udongo ukikauka hubaki na ganda jeupe.* Maji ya visima virefu vya Nairobi mengi yana sodiamu. Umwagiliaji mdogo wa kila siku huacha chumvi juu. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na tumia mvua kama kifutio chako cha mwaka.

*Baka hurudi mahali pale pale kila kiangazi.* Sukuma bisibisi ndefu ardhini. Ikigoma kwenye sentimita tano, mjenzi alifukia vifusi, mawe au saruji chini na kuvisitiri kwa udongo mwekundu. Dawa yake ni kuchimbua.

Mabaka ya mviringo ya kahawia, kuanzia sentimita 15 hadi zaidi ya mita moja

Hili ndilo baka la kahawia, kazi ya ukungu wa Rhizoctonia, na katika nyasi zetu za nchi za joto (kikuyu, pemba, paspalum) hupendelea majira ya unyevu ambapo nyasi zimepunguza kasi ya kukua. Nairobi hiyo ni mwisho wa masika kuingia kipupwe, Mei na Juni. Ukingo wa baka linalotembea huwa na rangi ya njano au chungwa. Ushahidi hasa uko chini: ukivuta, shina linaachia kwa urahisi, na ala ya jani imeoza rangi ya kahawia iliyokoza huku mizizi ikiwa bado inaonekana mizima. Majani ya juu huwa hayana madoa ya kueleza chochote, ndiyo maana wanaotazama wakiwa wamesimama hawaoni kitu.

Chanzo karibu kila mara ni vitatu pamoja: maji yanayotuama, nitrojeni iliyotiwa Aprili au Mei, na tabaka nene la nyasi mfu juu ya udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, South C na Syokimau hushikilia maji kiasi kwamba ua huwa umelowa siku tatu baada ya mvua kukatika. Huko mtaro wa kina cha sentimita 30 hadi 45 uliojazwa kokoto, wenye mteremko kuelekea nje, unafanya kazi kuliko chupa yoyote.

La kufanya: acha nitrojeni kabisa hadi Septemba. Acha kumwagilia hadi udongo ukauke sentimita tano za juu. Kata nyasi zikiwa kavu tu, ukusanye vipande vyote, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Baka likiendelea kuvuka vijiti baada ya juma moja, hapa dawa inastahili.

Madoa madogo ya rangi ya majani makavu, kama sarafu ya shilingi ishirini

Ukungu wa Clarireedia, doa la sarafu. Huanza sentimita mbili tatu hivi, kisha madoa huungana na kuonekana kama kasoro kubwa isiyo na umbo. Kwenye jani moja utaona kidonda cheupe kinachokatisha jani upande hadi upande, chembamba kiunoni, kikiwa na mstari wa kahawia nyekundu juu na chini. Alfajiri kuna utando mweupe. Hupenda nyuzi 16 hadi 27 na umande mzito, yaani sehemu kubwa ya mwaka hapa kwetu.

Hushika nyasi zenye njaa na zenye kiu mizizini lakini zilizolowa majani. Hapa ndipo CAN inapokuwa tiba. Tawanya kilo 1 kwa mita 100 za mraba, nyasi zikiwa kavu, kisha mwagilia hapo hapo hadi chembe ziyeyuke. CAN ina takriban asilimia 26 ya nitrojeni, hivyo umetoa kama gramu 2.6 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kutosha kuziamsha nyasi bila kuzilevya. Rudia baada ya wiki sita ikiwa rangi bado ni ya kusinyaa. Dawa kwa ua wa nyumbani? Sioni sababu.

Pemba imejaa madoa ya kijivu, majani yanajikunja na kukauka kama yameungua moto

Madoa ya kijivu, ukungu wa Pyricularia. Pemba ndiyo mteja wake mkubwa, na kikuyu huambukizwa pia. Doa lina umbo la yai au la duaradufu, milimita tatu hadi sita, katikati kijivu au kahawia hafifu, ukingo kahawia iliyokoza au zambarau, na mara nyingi uanga wa njano kulizunguka. Siku ya unyevu katikati huota manyoya mafupi ya kijivu kama velveti. Ukiona umbo hilo huna haja ya kuuliza mtu.

Huja katika joto na mvua pamoja: Aprili, na tena Novemba. Huanzia kivulini, chini ya ua wa michongoma au upande wa ukuta usiofikiwa na jua la asubuhi. Na chakula chake ni nitrojeni. Pemba iliyomwagiwa CAN au yurea mwanzoni mwa masika ili “ipendeze haraka” ndiyo inayoungua vibaya zaidi, kwa sababu majani yaliyokua kwa pupa ni laini na yamejaa maji. Kwa hiyo hapa ni kinyume cha doa la sarafu: mbolea ikome siku hiyo hiyo. Punguza matawi yanayofunika, ili jua lifike chini angalau saa nne kwa siku. Ukikata, usishushe chini ya sentimita tano. Na usitumie dawa ya magugu wakati ugonjwa umechachamaa. Nyasi zilizodhoofishwa na dawa hiyo huzidi kuumwa.

Unga wa chungwa unaobaki kwenye viatu

Kutu. Mtoto anarudi ndani na soksi za rangi ya matofali, mzazi anapiga kelele. Hutokea nyasi zinapokua polepole: kipupwe, kivuli, njaa. Haiui. CAN kwa kipimo kile kile cha kilo 1 kwa mita 100, halafu kata kila wiki na uondoe vipande; majani mapya yakikua kwa kasi yanaukimbia ukungu. Kwisha.

Ganda la kijivu au la zambarau lililomwagika juu ya majani kama majivu

Huogofya kuliko magonjwa yote na halina dhara hata moja. Ni ute wa Physarum, kiumbe anayekula mabaki na bakteria, anayepanda juu ya majani kwa ajili ya kutawanya mbegu zake tu. Siku kavu ufagie, au upige kwa mpira wa maji. Kesho nyasi zipo.

Pete ya kijani kilichokolea, wakati mwingine na uyoga

Mara nyingi chini kuna mti. Ama kisiki kilichofukiwa, ama mbao za fomu zilizoachwa na mafundi wa ujenzi. Ukungu unaula mti huo na kuachilia nitrojeni, ndiyo maana pete inakolea kijani. Tatizo huja pale nyuzi zake zinapoufanya udongo ukatae maji: unamwagilia, maji yanateleza, na pete inakauka hata katikati ya mvua. Toboa matundu ya sentimita 10 hadi 15 kwa uma wa bustani, mwaga maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, rudia baada ya siku tatu. Ukiweza, chimba na utoe mti wenyewe. Dawa za dukani hazifiki huko chini.

Uyoga ung'oe ili watoto na mbwa wasiufikie. Usiuchanganye na uyoga wa mchwa wa msimu wa mvua, na usipikwe na asiyeujua.

Ugonjwa wa Pythium, ule wa majani yenye mafuta na harufu ya kuoza unaotajwa sana katika miongozo ya nje, unataka usiku wa nyuzi 20 na zaidi. Mombasa, ndiyo. Nairobi ni nadra.

Maji: hapa ndipo ukungu mwingi unapokaribishwa

Wakati wa kiangazi ua unahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Ua wa mita 100 za mraba unataka lita 2,500, sawa na mitungi 125 ya lita 20. Pima mpira wako: ukijaza mtungi wa lita 20 kwa dakika mbili, unatoa lita 10 kwa dakika, na lita 2,500 zitachukua zaidi ya saa nne. Gawa katika asubuhi mbili za saa mbili mbili. Kunyunyiza dakika kumi kila jioni, kama wengi wanavyofanya, hulowesha majani tu: mizizi inabaki na kiu juu juu, na ukungu unapata kitanda chake.

Saa nzuri ni kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Umande tayari uko, hivyo huongezi muda wa kulowa, na jua linafuata nyuma. Saa mbaya kuliko zote ni saa kumi na moja jioni. Jani lililolowa wakati huo litakaa hivyo hadi saa tatu au nne asubuhi kesho yake, yaani muda wa saa kumi na sita au kumi na saba, na ukungu hauhitaji hata zote.

Lakini maji ya mgao hayaji kwa ratiba ya nyasi. Kama yanafika usiku na una tangi, jaza tangi na umwagilie alfajiri. Kama huna tangi, ngoja angalau hadi saa nne usiku, umande ukiwa umeshatua. Nyasi zitalowa saa zile zile ambazo zingelowa hata hivyo. Ushauri huu unasikika kama uzembe, ila ni bora kuliko kukimbiza maji saa kumi na moja.

Masika au kipupwe, ua ukiwa umeanza kuugua, shusha umande kila asubuhi: watu wawili washike kamba ndefu au mpira wa maji, kila mmoja upande wake, wauburute juu ya nyasi kutoka mwisho hadi mwisho. Dakika tatu. Matone yanaanguka chini na jani linakauka saa moja au mbili mapema. Ni kazi ya bure, na viwanja vya gofu huifanya.

Kukata, na tabaka la nyasi mfu

Kikuyu ibaki sentimita 4 hadi 5, pemba 5 hadi 7, paspalum 3 hadi 4. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Fyekeo halikati kwa usawa: linakwaruza vilima hadi udongo na kuacha mabonde marefu, na mabaka ya kwanza hutokea pale lilipokwaruza. Fundi anayezunguka kompaundi tano kwa siku na mashine moja huhamisha ukungu chini ya kifuniko cha kisu. Mwombe aoshe mashine kwa maji na kuikausha kabla ya kuingia kwako, na sehemu zinazougua zikatwe mwisho.

Kikuyu hujitandika. Kata kipande kidogo cha ua kama keki, upime ile sehemu ya kahawia inayobonyea kati ya kijani na udongo. Sentimita moja si tatizo. Ikizidi mbili, maji na dawa havifiki chini, na ukungu wa baka la kahawia unaishi humo mwaka mzima. Chana kwa reki ya meno magumu mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Oktoba, mvua zinapoanza na nyasi zina nguvu ya kujirudisha. Usifanye Julai, ua utakaa kipara hadi Septemba.

Baada ya kuchana, toboa udongo kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, matundu yakiachana sentimita 15, ukiuyumbisha uma kidogo kila tobo. Kisha sambaza mchanganyiko wa mchanga wa mto na mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita: kwa mita 100 za mraba ni wilbaro nane hivi za lita 60. Samadi mbichi inayouzwa kwa malori wakati wa mvua iachwe. Huleta mbegu za magugu, huvuta mbawakawa kutaga mayai, na nitrojeni yake huachiliwa wakati usiotaka.

Dawa

Kati ya yote yaliyotajwa, mawili tu hustahili dawa uani: baka la kahawia linalotembea na madoa ya kijivu yaliyosambaa. Majivu na magadi yaachwe jikoni. Magadi ni chumvi ya sodiamu, yatachoma nyasi na ukungu utabaki.

Dukani soma jina la kiambato, si jina la biashara. Chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kitu kile kile ndani. Azoxystrobin ni kundi moja. Tebuconazole na propiconazole ni kundi jingine. Ukipuliza kundi moja mara ya kwanza, mara ya pili tumia jingine, la sivyo unafuga ukungu sugu. Mancozeb hukaa juu ya jani tu na kulilinda. Haiponyi jani lililokwisha kupenywa. Hakikisha lebo ina namba ya usajili wa PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti viuatilifu, na umwulize mwuzaji iliyoruhusiwa kwa nyasi za bustani, maana orodha ya zinazoruhusiwa hubadilika.

Kosa la kawaida ni “vifuniko viwili kwa pampu”. Vifuniko havilingani, na pampu moja haijulikani imefunika eneo gani. Pima kwanza kwa maji matupu: weka lita 10 kwenye pampu ya mgongoni, puliza eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Yakibaki lita 2, umetumia 8, na pampu ya lita 16 inafunika mita 200 za mraba. Sasa lebo: ikisema lita 1 kwa hekta, gawanya kwa 100, unapata mililita 10 kwa mita 100 za mraba, yaani mililita 20 kwa pampu yako. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kuzidisha tebuconazole hudumaza nyasi na kuzipa rangi ya kibuluu. Halafu watu husema ugonjwa umezidi.

Kwa madoa ya majani, puliza majani na usimwagilie juu yake siku hiyo. Kwa baka la kahawia adui yuko chini kwenye ala, hivyo tumia maji mara mbili kwa dawa ile ile, na upite hadi nusu mita nje ya ukingo. Puliza asubuhi umande ukishakauka, hakuna upepo, na anga haina mvua ya jioni. Vaa glovu, gumbuti, miwani na barakoa. Watoto na mbwa wasikanyage hadi pakauke kabisa, au muda zaidi lebo ikisema hivyo. Marudio huwa kati ya siku 14 na 28 kwa dawa zinazopenya. Mancozeb hupungua mapema zaidi. Na usisubiri kahawia igeuke kijani. Dawa husimamisha ukungu, haifufui jani. Kinachokuonyesha kuwa imefanya kazi ni vile vijiti vinne.

Vijiti visipovukwa kwa wiki mbili, chana nyasi mfu zote, weka sentimita moja ya mboji, na upande vipandikizi vya kikuyu au pemba kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, ukivitoa upande wa ua ambao haukuugua kabisa. Mwagilia asubuhi. Kama baka lilikuwa kwenye bonde, liinue kwa udongo kwanza, kisha panda.